Mpira Uliochelewa

Leo naleta uhakiki wa hadithi moja ambayo karibu kila mtu aliyepita kwenye auditwari ya sayansi ameisikia: hadithi ya Richard Feynman na glasi ya maji ya barafu. Profa anaisimulia kwa dakika tatu, wanafunzi wanacheka, somo linaendelea. Chombo cha anga kiliangamia, wakubwa walikuwa wanazungukazunguka kwenye maneno, mwanasayansi mmoja mwenye akili kali akachovya kipande cha mpira kwenye glasi, na ukweli ukatoka. Tamu kweli.

Lakini mimi nasema hadithi hiyo, vile tunavyoipokezana, imetufundisha vibaya mambo mawili: namna mpira unavyofanya kwenye baridi, na namna mtu anavyopima. Mimi ni mtu wa kilimo, lisansi yangu ni ya agronomia, siyo ya fizikia. Ila wanakilimo njo sisi tunaokabidhiwa plastiki na mpira wa kila namna: mabomba ya maji, mifuko ya kuhifadhi maharagwe, chupa za chanjo za mifugo, vijiti vya mbegu za ng'ombe. Tukidanganyika juu ya vitu hivyo, anayelipa ni mkulima.

Maandishi ninayoyahakiki ni mawili. La kwanza ni kitabu cha Feynman, What Do You Care What Other People Think?, kilichotoka 1988, mwaka uleule aliofariki. Nusu yake ya pili ni habari ya uchunguzi wa ajali ya Challenger. La pili ni ripoti ya tume yenyewe, inayoitwa Tume ya Rogers, iliyotolewa Juni 1986. Watu wengi wanajua kitabu. Ripoti ni wachache wanaoifungua, na hapo njo shida inaanzia.

Tukumbushane kwanza jambo lenyewe. Tarehe 28 Januari 1986, Challenger iliruka kutoka Florida, Marekani, ikiwa na watu 7. Baada ya sekunde 73 ilivunjika angani, wote wakafa. Kando ya chombo kulikuwa na roketi mbili kubwa za kusukuma, zenye upana wa karibu mita 3.7, na kila moja ilikuwa imeungwa kwa vipande. Kwenye kila kiungo kulikuwa na pete mbili za mpira za kuzibia, zenye unene wa kama milimita 7 tu. Kazi yake ni kama ile ya pete ndogo ndani ya pampu ya maji: kujaza nafasi ili kilicho ndani kisipite. Tofauti ni kwamba ndani ya roketi kulikuwa na gesi ya moto mkali sana. Asubuhi ile hewa ilikuwa kama nyuzi 2 za Selsiasi, na kiungo kilichotoboka kilikadiriwa kuwa kwenye kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Picha zinaonyesha moshi mweusi ukitoka kwenye kiungo hicho kabla hata sekunde moja haijaisha tangu roketi iwashwe.

Tarehe 11 Februari, mbele ya tume na kamera, Feynman alikibana kipande cha mpira uleule kwa kibano kidogo, akakiweka kwenye maji ya barafu, akakitoa na kufungua kibano. Mpira haukurudi mara moja kwenye umbo lake. Kwa sekunde kadhaa ulibaki umebonyea.

Sifa zake nampa. Maji yenye barafu yanakaa kwenye nyuzi sifuri, hivyo hata bila kipimajoto kila mtu chumbani alijua ni baridi ya kiasi gani. Kitu alichokionyesha kilikuwa ndicho hasa, yaani kurudi kwa mpira, wala si ugumu wake wala kuvunjika kwake. Na yeye mwenyewe anaeleza kwenye kitabu kwamba alikuwa amejaribu kabla, ili asije akaaibika mbele ya watu. Kama njia ya kuwafanya watu wasio wataalamu waone jambo kwa macho, sijaona iliyo bora zaidi.

Sasa uhakiki.

Kosa la kwanza ni la wasimuliaji kuliko la Feynman. Nimesikia mara nyingi kwamba "mpira uliganda ukapasuka". Apana. Mpira haukupasuka kwa baridi. Mpira ulichelewa. Na tofauti hiyo si ya maneno tu, ni sayansi yote ya jambo hili.

Wafugaji wa kwetu wanaelewa haraka nikiwapa mfano wa lango la zizi. Ng'ombe anasukuma lango, linafunguka kidogo, na mchungaji analisindika lirudi. Mchungaji akiwa macho, hakuna anayetoka. Lakini alfajiri kwenye vilima vya juu vya Masisi, mchungaji amejifunika blanketi, viungo vimekakamaa. Atakuja kulifunga, ndiyo, ila akifika ng'ombe watatu wako tayari kwenye shamba la jirani. Ukikagua lango saa moja baadaye utalikuta limefungwa vizuri na mchungaji amesimama kando yake. Utasema hakukuwa na tatizo.

Mpira ni hivyohivyo. Ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunja na kufungamana hapa na pale. Kukiwa na joto, minyororo inatikisika bila kuacha. Ukiibana inajikunja, ukiiachia inarudi papo hapo. Joto likishuka, kutikisika kunapungua, na kurudi kunachukua muda mrefu zaidi. Ukiendelea kushuka unafika mahali ambapo minyororo haisogei tena kwa muda ambao binadamu anaweza kungoja: mpira unakuwa kama kioo. Joto hilo tuliite nukta ya kioo. Sasa angalia: shida ya Challenger haikungoja nukta ya kioo. Roketi ilipowashwa, shinikizo lilivimbisha ukuta na nafasi kwenye kiungo ikafunguka ndani ya sehemu ya sekunde. Pete ilitakiwa iifuate nafasi hiyo kwa mwendo huohuo. Mpira uliokuwa bado laini ukiubonyeza kwa kidole ulikuwa tayari mzembe mno kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo anayepima polima kwenye baridi anapima saa pamoja na kipimajoto. Swali "mpira huu unavumilia nyuzi ngapi?" ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni: unavumilia ukipewa muda gani?

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Glasi ya maji inatufanya tuamini kwamba hakuna aliyekuwa amepima mpaka Feynman alipokuja. Ripoti inaonyesha kinyume. Kwenye kampuni ya Thiokol iliyotengeneza roketi zile, wahandisi akina Arnold Thompson na Roger Boisjoly walikuwa wameshafanya kazi hiyo mwaka 1985. Waliibana pete kati ya mabamba mawili, kisha wakayatenganisha mabamba kidogo, kwa mwendo unaofanana na ule wa kiungo, na kuhesabu ni muda gani pete inapoteza kugusana na bamba. Walipima kwenye joto la aina tatu. Kwa nyuzi 38 za Selsiasi, pete haikuachana na bamba hata kidogo. Kwa nyuzi 24, iliachana kwa sekunde 2.4. Kwa nyuzi 10, dakika 10 zilipita bila pete kugusa tena, wakasimamisha jaribio.

Ndugu zangu, someni namba hizo mkiwa mmekaa hapa kwetu. Nyuzi 10 ni alfajiri ya kawaida kwenye malisho ya juu ya Masisi. Nyuzi 24 ni mchana wa Goma. Nyuzi 38 ni kitu kilichoachwa juani Walikale. Jedwali la mistari mitatu, na wilaya zetu mbili zinaingia zote ndani yake. Hakuna barafu, hakuna maabara ya baridi kali. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya roketi, kwa mwendo ule wa kiungo, ungefungwa Walikale juani ungefanya kazi, na ungefungwa Masisi alfajiri ungeshindwa.

Tena mstari wa katikati njo unaoniuma zaidi. Kwenye nyuzi 24 pete ilikuwa tayari imechelewa sekunde 2.4, wakati kiungo kinahitaji sehemu ya sekunde. Maana yake, kiungo kilikuwa kibaya hata siku ya joto zuri. Baridi ilimaliza kilichokuwa kimeanza kuharibika. Tume yenyewe iliandika kwamba chanzo kilikuwa muundo mbovu wa kiungo, ulioyumbishwa na mambo mengi, joto likiwa mojawapo. Lakini glasi haiwezi kuonyesha hilo. Glasi inaonyesha barafu, na anayeitazama anaondoka akisema: kumbe kosa lilikuwa kuruka siku ya baridi. Hapo onyesho zuri linatoa hukumu iliyo nyepesi kuliko vipimo. Mtengenezaji wa kitu kibovu angeipenda sana hukumu hiyo, maana hali ya hewa haina wakili wa kuitetea.

Jambo la tatu ni usiku wa tarehe 27 Januari. Wahandisi wa Thiokol walizungumza na watu wa NASA kwa simu na kupendekeza chombo kisiruke chini ya nyuzi 53 za Farenheiti, yaani kama 12 za Selsiasi, kwa kuwa hiyo ndiyo baridi kubwa waliyokuwa wameiona kwenye safari za nyuma, na hata hiyo ilikuwa imeacha alama mbaya kwenye pete. Wakaulizwa: mbona safari moja ya nyuzi 75 za Farenheiti nayo ilikuwa na alama? Data zenu hazieleweki. Mwishoni viongozi wa kampuni walijitenga, wakabadili pendekezo, wakatia sahihi. Allan McDonald, mtu wa kampuni hiyohiyo aliyekuwa Florida, alikataa kutia yake.

Hapa ripoti inafanya kazi ambayo kitabu hakiwezi. Inaweka mchoro wa safari zenye alama peke yake, halafu mchoro wa safari zote. Kwenye mchoro wa kwanza huoni kitu: alama ziko kwenye baridi, ziko kwenye joto. Kwenye mchoro wa pili kila kitu kinajipanga. Safari 4 zilikuwa chini ya nyuzi 65 za Farenheiti, kama 18 za Selsiasi, na zote 4 zilipata alama. Za juu ya hapo zilikuwa kama 20, na zilizopata alama ni 3 tu. Usiku ule watu waliangalia wagonjwa bila kuhesabu wazima. Mwanafunzi wa agronomia anayelinganisha mashamba yenye ugonjwa wa mihogo peke yake, bila yale yasiyo na ugonjwa, asistanti angemrudishia TFC yake siku hiyohiyo.

Na kuna jambo la pili kuhusu usiku ule ambalo vipimo peke yake haviliponyi. Kawaida mhandisi anaambiwa: thibitisha kwamba ni salama. Usiku ule wahandisi walijikuta wanatakiwa wathibitishe kwamba si salama. Walikuwa na namba za nyuzi 10. Hawakuwa na namba za nyuzi 2 chini ya sifuri. Basi ukosefu wa kipimo ukageuzwa ruhusa. Naomba msomaji aushike huo mgeuzo, maana nitaurudia huku kwetu.

Jambo la nne ni habari iliyojulikana baadaye sana. Feynman anaeleza kwenye kitabu kwamba wazo la baridi lilimfikia kupitia Jenerali Donald Kutyna, mwenzake kwenye tume, aliyemtajia mambo ya mpira na baridi kana kwamba ni maswali ya gari lake bovu. Feynman mwenyewe alishuku baadaye kwamba alikuwa ameelekezwa. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, naye akiwa kwenye tume, alifariki 2012. Baada ya hapo Kutyna alieleza kwamba yeye njo aliyempa karatasi ya NASA yenye safu mbili: joto, na kurudi kwa mpira. Kutyna hakutaka kumponza, akatafuta njia ya kulifikisha jambo kwa mtu asiyeweza kufukuzwa kazi na yeyote.

Ukijua hilo, glasi inabadilika maana. Haikuwa maabara, ilikuwa mlango. Kipimo kilikuwa kimeshafanyika, kimeandikwa kwa safu mbili, kiko kwenye faili. Kilichokosekana ni mtu mwenye ulinzi wa kutosha wa kukisema hadharani. Feynman alikuwa na jina kubwa, Tuzo ya Nobel ya 1965, na ugonjwa uliokuwa unammaliza. Wahandisi walikuwa na familia na mishahara. Njo maana mimi nakataa kuisimulia kama hadithi ya mwerevu mmoja kati ya wajinga. Ni hadithi ya watu waliopima vizuri wakiwa hawana sauti. Feynman aliwaheshimu sana wahandisi wa chini, na katika maoni yake yaliyoongezwa mwishoni mwa ripoti alionyesha jinsi makadirio ya viongozi kuhusu hatari yalivyokuwa mbali na ya wahandisi kama mara elfu moja. Lakini kitabu chake kimeandikwa kwa namna ambayo yeye yuko mbele ya kila ukurasa, kinachekesha, kinatembea haraka, na msomaji anatoka na glasi mkononi akiwa ameliacha jedwali mezani.

Bon. Mtu atauliza: hayo ya Florida yanatuhusu nini sisi?

Yanatuhusu kwa sababu kila polima ina baridi yake. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, unageuka kioo kwenye kama nyuzi 70 chini ya sifuri. Polipropilini inayotengenezea beseni na viti vyetu inageuka karibu na sifuri yenyewe, ndiyo maana kiti kile hakiogopi Masisi lakini kingevunjika ovyo kwenye friza. Mpira wa florokaboni wa zile pete za Challenger unavumilia moto vizuri sana, lakini nukta yake ya kioo iko kwenye kama nyuzi 20 chini ya sifuri, na uzembe unaanza mapema mno kabla ya hapo. Kwa macho mpira wote ni mpira. Bila kipimo huwezi kujua.

Vipimo vipo, na si vyote ni vya mashine ya bei. Kuna kifaa kinachoitikisa sampuli huku na huku mara nyingi kwa sekunde wakati joto linashushwa, na kuangalia sampuli inavyochelewa nyuma ya mtikiso. Hicho kinaonyesha uzembe na ugumu kwa pamoja. Kuna jaribio la kugonga kipande kilichogandishwa na kuona ni joto gani kinaanza kuvunjika. Na kuna moja ninalolipenda kwa urahisi wake: unavuta utepe wa mpira, unaugandisha ukiwa umevutika, unauachia, halafu unapandisha joto polepole huku ukisoma kwenye rula. Joto ambalo utepe umerudi asilimia 10 ya mvuto wake linaandikwa kama namba ya mpira huo. Kibano, rula, kipimajoto, daftari. Mwalimu wa fizikia wa sekondari anaelewa kila hatua.

Sasa tuje nyumbani. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Agosti 2019 ulifika kwenye eneo la afya la Pinga, kule Walikale inakopakana na Masisi. Chanjo iliyotumika, ambayo watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, inahifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Chanjo ile ilisaidia sana, na nasema hivyo wazi kusudi mtu asichukue maneno yangu akatengenezee uvumi. Lakini fikirini kizibo. Chupa ndogo za chanjo huzibwa kwa mpira wa jamii ya butili, na mpira huo kwa kawaida unageuka kioo karibu na nyuzi 65 chini ya sifuri, ndani ya baridi hiyohiyo. Wataalamu wa vizibo wanajua hatari yake: kizibo kikikakamaa kinaweza kuachana na shingo ya chupa kwa unywele, hewa ikapenya, halafu joto likipanda kizibo kinalainika na kuziba tena vizuri kabisa. Ukikikagua mchana unakiona kizima. Ni lile lango la zizi na mchungaji wake aliyesimama kando. Njo maana wanaotengeneza dawa za baridi kali wanatakiwa wapime uzibaji kwenye baridi yenyewe, kwa kufuatilia gesi inayopenya, wala si kwa kuangalia tu chupa ikishayeyuka.

Chukua pia vijiti vya mbegu za ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji, ambao wafugaji wa Masisi wanauulizia sana. Ni plastiki nyembamba yenye ujazo wa robo au nusu ya mililita, inayokaa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo hakuna plastiki ya kawaida inayobaki na ulaini. Kila kijiti ni kioo. Ukikikunja au kukiangusha kinapata ufa usioonekana, na kikiingia kwenye maji ya uvuguvugu ya kuyeyushia, mbegu inaharibika. Mfugaji ataambiwa ng'ombe wake hakushika mimba, na lawama itamwendea ng'ombe.

Kwenye mafunzo moja niliyohudhuria, mtu wa shirika fulani alitugawia karatasi ya ubora ya vifaa vya namna hiyo. Mahali pa joto paliandikwa maneno mawili: "inahimili baridi". Hakuna namba, hakuna muda, hakuna jina la aliyepima. Nilipouliza ni baridi ya nyuzi ngapi na kwa muda gani, nilijibiwa kwamba hakuna ripoti yoyote ya tatizo. Ule mgeuzo wa tarehe 27 Januari, umevaa nguo za mradi! Kutokuwa na kipimo kumegeuzwa ushahidi wa usalama. Kwenye wilaya ambayo barabara inafungwa wiki nzima na vifaa vinapita mkono hadi mkono, ni nani angetuma ripoti ya tatizo, na angeituma wapi?

Hukumu yangu basi. Kitabu cha Feynman kisomwe, ni kizuri, kitawafurahisha. Lakini kisomwe cha pili. Cha kwanza iwe ripoti, hasa sura zake zinazohusu chanzo cha ajali, uamuzi wa kuruka, na historia ya kiungo. Na walimu wanaopenda kufanya onyesho la glasi darasani waendelee, ila wakimaliza waandike ubaoni namba tatu: 38, 24, 10, na mbele ya kila moja muda wake. Wanafunzi waulizwe ni namba ipi inayomhukumu mtengenezaji hata kama barafu haipo. Atakayeonyesha 24 ameelewa.

Na sisi wenye lisansi, tunaotia sahihi tunapopokea vifaa kwa niaba ya vijiji, tuanze na kitu kidogo. Kila karatasi inayosema "inahimili baridi", turudishe na maswali matatu: nyuzi ngapi, kwa muda gani, nani alipima. Asiye na jibu, tuandike pale pale kwenye karatasi ya kupokelea kwamba jibu halikupatikana, tarehe, na jina la tuliyemuuliza. Haitaleta kamera wala makofi. Ila siku jambo likiharibika, mkulima wa Nyabiondo au Pinga hatakuwa peke yake akisema "mimi niliona". Kutakuwa na karatasi.